Sanduku la Sista: jinsi ya kushughulikia vitambaa na vitu vya Afrika Magharibi walivyoviacha masista wamisionari (mwongozo kamili)

Kama unafanya kazi kwenye nyumba ya masista wazee huku Ulaya, na najua tuko wengi, Watanzania, Wakenya, Wakongo, basi iko siku utaambiwa ulitoe sanduku. Nyumba inafungwa, au chumba kinatakiwa, au Sista fulani ametangulia mbele ya haki na mkuu wa nyumba anasema hebu angalia mna nini humo kabla gari la taka halijaja Alhamisi. Unafungua unapigwa na harufu ya naftalini, chini kuna nguo za bluu iliyokolea, vibuyu vya nakshi, vinyago vidogo kama kidole vimefungwa kwenye gazeti la 1961, na karatasi moja ya mwandiko wa kalamu ya wino imeandikwa "Nigeria" basi. Mwongozo huu ni wa siku hiyo.

Mimi sio mtu wa makumbusho, mi ni mlezi wa wazee hapa Ireland mwaka wa saba sasa, haya nimejifunza kwa kuuliza, kwa kusoma usiku wakati wa zamu, na mengine kwa kuharibu. Nyumba yenyewe siitaji na masista siwataji.

Hatua ya kwanza: usifue

Naanza na aibu yangu ili tuelewane. Sanduku la kwanza nililopewa lilikuwa na nguo ya nili, ile rangi ya bluu ya mmea, kubwa kama shuka, inanuka ukungu, nami nilivyolelewa nguo ikinuka inafuliwa, nikaitia kwenye mashine nyuzi joto 40 na sabuni ya kawaida. Maji yalivyotoka ungedhani mtu kamwaga wino. Taulo tatu za nyumba zikageuka bluu, na pembe moja ya ile nguo ikapauka kama suruali ya jinsi ya mtumba. Nili ya kienyeji inachuja, hata ikiwa na miaka 60 bado inachuja, na mwenye nguo alikuwa hai yuko ghorofa ya juu anakunywa chai.

Kwahiyo usifue, usipige pasi, usianike juani, usikung'ute dirishani kama mkeka. Usitoe pini wala kibandiko wala karatasi yoyote iliyoambatana na kitu hata kama inaonekana uchafu. Na lile gazeti la kufungia usilitupe, tarehe yake itakusaidia baadaye. Ukiona nguo imeloa maji au ina ukungu mbichi wa kijani itenge peke yake mahali pakavu penye hewa, halafu subiri.

Hatua ya pili: panda juu ukaongee na Sista, kabla ya kitu kingine chochote

Watu wengi wanaanza na vitu. Mi nasema anza na mtu, kwasababu nguo inaweza kukaa miaka mingine hamsini kwenye boksi lakini Sista ana miaka 91 na wiki ijayo anaweza asikumbuke. Mwenye sanduku akishakufa tafuta yule aliyekaa naye misheni moja, wanajuana hao, walikula ugali wa muhogo meza moja.

Usimpelekee sanduku zima, atachoka. Mpelekee kitu kimoja, asubuhi baada ya chai, siku ambayo hana daktari. Weka simu mezani irekodi na umwombe ruhusa kwanza, na ruhusa yenyewe irekodiwe. Usimuulize "hii ni nini", atakujibu "kitambaa" na mazungumzo yameisha hapo. Muulize mwaka huo alikuwa anakaa wapi, nani alimpa au alinunua kwa nani, sokoni au mlangoni, aliivaa au aliitandika, kuna mtu alikuwa anamfundisha kushona wakati huo. Mwache anyamaze, ukimya wa mzee sio kwamba amemaliza.

Sista wangu wa ile nguo ya nili (nilimwambia nilichofanya, ndio, nilipiga magoti kabisa) alikuwa Nigeria kwanza kisha shirika likamhamishia Tanzania bara ya kati miaka mingi, kwahiyo tunaongea Kiswahili, chake cha shamba kizuri kuliko changu. Nikasema shikamoo Sista, akasema marahaba mwanangu, leta nione. Akaishika ile pembe iliyopauka akainusa. Akasema hii nilipewa na mama mmoja Ibadan, nilimzalisha mtoto wake wa saba, akanipa hii akaniambia jina lake, nikamuuliza jina la mtoto? Akacheka, akasema hapana, jina la nguo! Ibadandun. Ibadan ni tamu.

Hapo nikaelewa, maana sisi tuna kanga. Kanga ina jina, ukimpa mtu kanga umempa na neno. Kumbe na wenzetu Wayoruba, watu wa Ibadan na magharibi ya Nigeria, nguo ina jina, na huyu bibi wa Kizungu alikuwa amelibeba kichwani miaka sitini na hakuna karatasi yoyote ndani ya sanduku iliyoliandika.

Muulize pia jina la aliyetengeneza. Mara nyingi atakumbuka jina la padre aliyekuwepo na jina la askofu na hatakumbuka jina la mfumaji, ndio maana uulize mara tatu kwa njia tatu. Na kama anakumbuka, liandike hilo jina juu kabisa, juu ya jina la Sista mwenyewe.

Hatua ya tatu: jua shirika, jua miaka, utajua nusu ya sanduku

Masista hawakutawanyika ovyo, kila shirika lilikuwa na eneo lake, kwahiyo ukijua shirika umeshapunguza ramani. Wa Mtakatifu Yosefu wa Cluny walifika Senegal tangu 1819. Masista wa Mama Yetu wa Mitume, wanaoitwa kwa kifupi OLA, walioanzishwa Lyon Ufaransa mwaka 1876, walifika Elmina pwani ya Ghana 1883, na utawakuta pia Dahomey ya zamani, yaani Benin ya leo, na Lagos. Masista wa Rozari Takatifu wa Killeshandra, hapa hapa Ireland, walianzishwa 1924 na Askofu Joseph Shanahan wakaenda kwa Waigbo, kusini mashariki mwa Nigeria, 1928. Wamisionari wa Tiba wa Maria, MMM, walianzia Port Harcourt 1937 na Marie Martin, wakawa pande za Uyo na Ogoja. Masista Weupe tunawajua hata nyumbani, hao walifika Ouagadougou, Burkina Faso ya leo, 1912 na wakaanzisha karakana ya kuwafundisha wasichana kufuma mazulia, kwahiyo kwenye sanduku lao usishangae kukuta zulia lenye mtindo wa Afrika Kaskazini limefumwa na binti wa Kimossi, kabila la huko.

Miaka nayo ina maana. Vita vya Biafra, Waigbo walipojitenga na Nigeria, vilikuwa 1967 hadi 1970, na vilipoisha wamisionari wengi waliokuwa upande wa Waigbo walikamatwa wakafukuzwa nchini. Walitoka na begi moja, wengine hata hilo hawana. Kwahiyo kitu cha kwa Waigbo kilichopo kwenye sanduku mara nyingi kililetwa mapema, wakati wa likizo, kama zawadi ya mama mzazi au cha kuonyesha kwenye maonyesho ya misheni ili watu wachangie. Muulize Sista: kililetwa likizo ipi?

Na sasa mtego mkubwa, huu utaujua wewe kuliko mtaalamu yeyote wa huku. Masista wanahamishwa. Sanduku limeandikwa Nigeria lakini ndani kuna kila kitu. Nimekuta kitambaa kimekunjwa vizuri kina kikaratasi "nguo, Calabar", nikakifungua kina pindo pande zote nne na maneno katikati chini, nikasoma nikacheka peke yangu stoo: ni kanga, tena pembeni imepigwa mhuri wa K.H.E. Mali ya Abdulla, ya Mombasa hiyo. Imekaa miaka kwenye orodha ya nyumba kama nguo ya Nigeria. Pia nimekuta kiondo na kinyago cha kimakonde. Hivi vyote usivifukuze, viandike vilivyo, ni sehemu ya safari ya Sista.

Hatua ya nne: linda mapafu yako

Hii hatua ni fupi ila usiiruke. Zamani vitu vya namna hii vilipuliziwa dawa kali za wadudu, DDT, na vile vya makumbusho hata arseniki, na kwenye masanduku ya nyumbani kuna naftalini au karafuu maiti. Unga mweupe au fuwele kwenye mikunjo sio lazima iwe vumbi. Vaa glavu za nitrili kama zile tunazovaa kazini, barakoa nzuri, fungua dirisha, usile hapo, nawa. Glavu za pamba nyeupe za kwenye filamu achana nazo, zinakwamia kwenye nyuzi na kwenye miiba.

Meza iwe kubwa, tandika shuka jeupe safi la pamba lisilo na harufu ya sabuni. Penseli tu, kalamu ya wino isikaribie.

Hatua ya tano: namba, picha, daftari

Kabla hujajua kitu ni nini kipe namba. Mfumo rahisi ni mwaka, sanduku, kitu: 2023.1.14 maana yake mwaka 2023, sanduku la kwanza, kitu cha kumi na nne. Kama kitu kina vipande viwili, kibuyu na kifuniko chake, viite 14a na 14b, usivipe namba tofauti utavipoteza.

Kwenye nguo, namba iandikwe kwa penseli laini kwenye kipande cha utepe mweupe wa pamba, kisha kishonwe kwa nyuzi mbili tatu za kulegea pembeni upande wa nyuma, sindano ipite katikati ya nyuzi za kitambaa sio kutoboa uzi. Usitumie pini wala steplesi, zinapata kutu na kutu inakula pamba. Vitu vigumu vifungie kikaratasi kwa uzi wa pamba. Selotepu hapana, hata kidogo, hata kwa dakika tano.

Picha: nzima mbele, nzima nyuma, pembe moja kwa karibu, kasoro zote, na kila maandishi. Weka rula ndani ya picha. Simu inatosha, mwanga wa dirishani bila flashi unatosha. Jina la faili liwe namba ya kitu, maana picha mia mbili zinazoitwa IMG hazimsaidii mtu.

Daftari langu lina safu hizi tu: namba, nimekikuta wapi, kinaonekanaje, vipimo, Sista alisema nini kwa maneno yake, mimi nadhani nini. Hizo safu mbili za mwisho usizichanganye kamwe. Maneno ya Sista ni ya Sista, dhana yako ni ya kwako, na dhana yako iandike kwa penseli.

Hatua ya sita: kutambua ulichonacho

Haya ndio niyapendayo, nisamehe nikienda mbali.

Swali la kwanza kwa nguo ya kufumwa ni upana. Tafuta kama imeunganishwa kwa vipande virefu vyembamba vya sentimita kama 10 hivi vilivyoshonwa ubavu kwa ubavu. Kama ndio, basi ilifumwa kwenye kitanda cha mfumi chembamba, ambacho Afrika Magharibi kwa desturi ni kazi ya wanaume. Kama ni kitambaa kipana kisicho na kiungo katikati, labda imetoka kwenye kitanda cha kusimama ukutani, na hicho ni cha wanawake. Kanuni ina mianya yake lakini inakusogeza.

Kwenye vipande vyembamba: kente ya Waashanti wa Ghana, ambayo kijiji chake maarufu ni Bonwire, mara nyingi ina rangi za kung'aa, njano, kijani, nyekundu, na michoro ya mraba na ngazi isiyo picha ya kitu. Kente ya Waewe, wa mashariki ya Ghana na Togo, yenye jina pande za Agotime, rangi zake zimetulia zaidi na mara nyingi utakuta picha zimefumwa humo, mkono, ndege, samaki, kiti. Ukiona samaki wa uzi mweupe kwenye kente fikiria Waewe kwanza. Ya Wayoruba inaitwa aso oke na ina aina tatu za heshima: etu, bluu nzito karibu na nyeusi, jina lake ni la kanga yule ndege; sanyan, rangi ya hudhurungi hafifu ya hariri ya mwituni; na alaari, nyekundu ya zambarau ambayo nyuzi zake za hariri zilikuja zamani kwa misafara kupita Sahara. Sanyan wengi wanaitupa wakidhani ni gunia. Tafadhali.

Kwenye vipana: Akwete, ya wanawake wa Kiigbo wa Ndoki, inazidi mita moja upana bila kiungo, michoro imetokeza juu ya kitambaa kwa nyuzi za ziada za mshindio, zile zinazopita upande hadi upande. Umbo moja maarufu ni ikaki, kobe, limekaa kama pembe zimepangana. Sanduku la Sista wa Killeshandra au MMM likikosa Akwete mi nashangaa.

Nili za Wayoruba zinaitwa adire, na hapa upande wa nyuma unakwambia kila kitu. Kama mchoro uko wazi mbele ila nyuma umefifia bluu tupu, hiyo ni adire eleko, imechorwa kwa uji wa wanga wa muhogo upande mmoja tu ndio ikazamishwa kwenye nili. Ikichorwa kwa mkono, kwa unyoya wa kuku, mistari inatikisika kidogo, ina pumzi. Ikipakwa kupitia bati lililokatwa, mchoro unajirudia sawasawa kama mhuri. Kama mbele na nyuma ni sawasawa na kuna duara duara kama jua, hiyo ni oniko, ya kufunga kwa rafia, nyuzi za majani ya mti kama mtende. Ukiona vitundu vidogo vya sindano kwenye mstari mweupe, ni alabere, ya kushona. Kwa kawaida adire ni vipande viwili vya yadi mbili na nusu vimeunganishwa, ndio maana inakaa karibu mraba.

Ibadandun ya Sista ina nguzo zimesimama na kati yake vijiko. Nguzo hizo ni za Mapo Hall, jengo la serikali la Ibadan lililofunguliwa 1929. Kwahiyo nguo yenye hizo nguzo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, na wewe ukiwa na picha tu ya simu umeshapata mwaka wa kuanzia bila kumuuliza profesa. Vivyo hivyo ile yenye mfalme na malkia wa Uingereza katikati, mchoro huo ulitokana na jubilei ya George wa Tano ya 1935, ila uliendelea kuchorwa baadaye, kwahiyo 1935 ni mwanzo sio mwisho.

Nguo nzito ya pamba, nyeusi na michoro myeupe au ya manjano, inaweza kuwa bogolan ya Mali. Hiyo inafumwa na wanaume lakini kupakwa ni kwa wanawake: kwanza inaloweshwa kwenye maji ya majani, inakuwa njano, kisha matope ya mtoni yaliyochachuka yenye chuma yanapakwa kuzunguka mchoro, chuma na majani vinakutana vinakuwa weusi. Yaani anachora nje ya mchoro, anachobakisha ndio mchoro. Ule weusi wa chuma unakula pamba taratibu, kwahiyo bogolan ya zamani inakatikia kwenye mkunjo. Usiikunje, iviringishe.

Kitambaa chenye wanyama waliokatwa na kushonwa juu, simba, nyati, papa, kwa rangi kali juu ya nyeusi au njano, kimetoka Abomey, Benin. Hao sio mapambo, ni wafalme: nyati ni Gezo, simba ni Glele, papa ni Béhanzin. Sanduku la OLA tena.

Na vitenge. Usivipuuze eti vya dukani. Soma ukingo, maandishi madogo ya pembeni, huko ndiko kuna jina la kiwanda. Vlisco wa Helmond Uholanzi wapo tangu 1846, na kitenge chetu cha nyumbani kina ukoo huo huo. Vya ukumbusho ndio rahisi kabisa: Yohane Paulo wa Pili alikuwa Ghana Mei 1980 na Nigeria Februari 1982, kitambaa chenye sura yake mara nyingi kimejitaja mwaka chenyewe.

Vitu vigumu nitapita haraka. Vinyago vidogo mno vya rangi ya maziwa, waridi na kahawia, mama anatwanga, watu kwenye mtumbwi, kuzaliwa kwa Yesu: hivyo vimechongwa kwa miiba ya miti ya jamii ya msufi, sanaa iliyoanza Owo Nigeria miaka ya 1930 na Justus Akeredolu. Sio vya kale wala vya matambiko, viliuzwa kwa wageni tangu siku ya kwanza, lakini vizuri ajabu na gundi yake inabanduka ukivigusa vibaya, kwahiyo shika kibao cha chini sio mtu. Bangili na shanga za kioo cha kijani au kahawia huenda ni za Bida, kwa Wanupe, ambako mafundi wanayeyusha chupa. Kijiko chenye Bikira Maria mwenye chale za Kiyoruba, au mlango wa kanisa wa kuchonga, uliza kuhusu Oye-Ekiti, ambako Padre Kevin Carroll wa SMA, shirika la mapadre wamisionari wa Afrika, aliendesha karakana kuanzia 1947 wakachonga akina Lamidi Fakeye na George Bandele.

Hatua ya saba: vitu vya kusimama navyo

Kuna vitu ukivikuta unafunika, unapiga picha moja, unamwambia mkuu wa nyumba na huendelei peke yako.

Udongo wa kuchoma wenye sura ya mtu, hasa macho ya pembetatu yaliyotobolewa: huenda ni Nok, Nigeria. Vichwa na sanamu za Ife, za Djenné Mali, za Bura Niger, vyote ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho, waliviweka kwenye orodha nyekundu ya 2000 kama vitu vinavyoporwa. Nigeria ilikuwa na sheria ya mambo ya kale tangu 1953 na kutoa vitu hivyo nje kulihitaji kibali. Shaba yenye sura ya mfalme wa Benin nayo (ufalme wa Benin uliopo Nigeria, sio nchi ya Benin), maana 1897 askari wa Uingereza waliuteka mji huo wakazipora. Nyingi ni za kuigiza za sokoni, lakini sio kazi yangu wala yako kuamua hilo kwa macho.

Pembe za ndovu, ngozi ya chui, meno: usivuke navyo mpaka, usiviposti, usimpe mtu zawadi. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ilizuiwa kuanzia 1990 na sheria za Ulaya zimezidi kukaza.

Kuna vile ambavyo waongofu walivisalimisha walipobatizwa, sanamu za mizimu, vinyago vya jando, hirizi. Muulize Sista taratibu: alipewa kwa hiari, au padre alikusanya vichomwe yeye akaokoa kimoja? Nimepata jibu la pili mara moja na Sista alilia. Andika kama alivyosema, usipambe, usimhukumu.

Na kuna nguo iitwayo ukara, ya nili, imejaa alama, mikono, chui, mamba, mistari ya kuvukana. Hizo ni nsibidi, maandishi ya alama, na nguo ni ya chama cha siri cha Ekpe cha eneo la Cross River. Wasiokuwa wanachama hawakutakiwa kuivaa, kwahiyo hata picha yake usiitupie mtandaoni kabla hujaongea na watu wa huko.

Hatua ya nane: wadudu na kuhifadhi

Nondo wanakula sufu, hariri, nywele, manyoya. Pamba safi hawaitaki isipokuwa iwe na uchafu wa chakula au jasho. Ila adire ya wanga ina mgeni mwingine, yule mdudu wa kifedha wa kwenye vitabu anayependa wanga. Kwenye mbao tazama vitundu vyenye unga mpya chini, unga mweupe laini maana yake bado wako ndani wanakula.

Dawa ya mpuliziko usitumie. Tumia friza. Nguo au kikapu kiingie kwenye mfuko wa plastiki mnene, toa hewa, ziba kabisa, weka nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi ya hapo kwa wiki mbili kamili. Ukitoa usifungue, acha siku nzima mpaka kipate joto la chumba, vinginevyo umande utaingia kwenye nguo badala ya kubaki nje ya mfuko. Usigandishe vitu vyenye rangi ya kupakwa, vioo, pembe, au vilivyogundishwa, yaani wale watu wa miiba wasiingie friza.

Vumbi litolewe kwa kifyonza cha nguvu ndogo, mdomo umefungwa wavu, bila kugusa nguo, unakwenda kwa mwelekeo wa uzi.

Kuhifadhi: nguo kubwa ziviringishwe kwenye bomba la kadibodi lililofunikwa karatasi isiyo na asidi, upande wenye mchoro ukiwa nje, halafu zivikwe kaliko iliyofuliwa bila sabuni ya manukato. Zikilazimika kukunjwa, weka mviringo wa karatasi hiyo hiyo ndani ya kila mkunjo, na kila mwaka ubadilishe mahali pa kukunja. Sio darini, sio chini ya ardhi, sio ukuta wa bomba la joto. Giza. Unyevu wa hewa kati ya asilimia 45 na 55, kipima unyevu bei yake ni kama chakula cha mchana. Hiyo karatasi ndio ghali, mi nilimwambia mkuu wa nyumba bei nikiwa nimeshika taulo zake za bluu, akatoa hela.

Hatua ya tisa: viende wapi

Usiuze mtandaoni. Mtu atakuja na gari na bahasha, nimemwona, alijua vizuri kabisa sanyan ni nini.

Anza na shirika lenyewe, wengi wana mtunza nyaraka, na siku hizi shirika lenyewe limejaa masista Waafrika. Pia kuna mashirika yaliyozaliwa huko huko, Handmaids wa Calabar tangu 1931, Immaculate Heart wa Onitsha tangu 1937, na bibi zao ndio walifuma baadhi ya hivi vitu. Waulizwe kwanza kabla ya makumbusho ya Ulaya. Na usidhani makumbusho ya wamisionari yatakaa milele, lile la SMA Lyon lilifungwa 2017. Kwa vitu vya hatua ya saba barua inaenda kwa tume ya makumbusho ya nchi husika, Nigeria wana yao, Ghana wana yao, na barua aandike mkuu wa nyumba sio wewe.

Chochote kitakachoamuliwa, daftari liende pamoja na vitu, na nakala tatu zibaki: moja kwenye shirika, moja na rekodi za sauti kwenye diski ya nje, moja kwako kama Sista aliruhusu. Kitu kikitoka bila daftari kimerudi kuwa kitambaa.

Ile Ibadandun inaondoka mwezi ujao, imeviringishwa, namba 2019.1.3. Kwenye safu ya Sista kuna jina la nguo, jina la yule mama wa Ibadan, na mtoto wa saba. Kwenye safu ya kasoro nimeandika: pembe ya juu kulia imepauka, mashine, nyuzi 40, nilifanya mimi.